Baada ya Udi: Miaka Niliyomwendesha Bi Aneke

Vijana wa gereji ya Ghala mmenisumbua niandike. Mmesema, "Ami Nassor, umeondoka na maneno yote kichwani, sisi umetuachia funguo tu." Basi haya, chukueni. Miye sikusoma. Darasa la nne nililiacha Unguja na sikurudi kulitafuta, na huku Maskati shule yangu ilikuwa chini ya magari, mgongo juu ya kadibodi. Lakini kama kuna asiyejua ajue leo: katika mji huu hapana dereva aliyewachukua watu wa sinema wengi kuliko mimi, na hapana aliyewafikisha wakiwa wamepumzika zaidi. Sijisifu. Mwenye kuyajua hayo ni mimi, na nikinyamaza nani atayasema?

Vyeo sitavitaja, maana nilijipa mwenyewe. Mishahara nayo ni aibu ya kila mtu na mkewe. Nitaandika habari za Bi Aneke, mwigizaji wa sinema wa Kiholanzi, kwa sababu nikiipekua kazi yangu toka mwanzo mpaka mwisho namkuta yeye kila pahala. Alikuja Maskati mara tatu. Mara ya kwanza watu walikuwa wamemsahau. Mara ya pili kila mtu anamtaja. Mara ya tatu anayesahau alikuwa yeye.

Kwanza lakini nimtaje fundi wangu, Mungu amrehemu, Fundi Khalfan, mtu wa Pemba mwenye ndevu za hina na sauti ya kupigia adhana. Yeye ndiye aliyekuwa na gereji ile mnayofanyia kazi sasa, na wageni wakubwa wakija alikuwa akiwachukua mwenyewe. Nilikwenda kwake nikitaka kushika usukani. Akanitia kiti cha nyuma. Akaendesha yeye, mimi nyuma kama bwana harusi, Ghala mpaka Mutrah, Mutrah mpaka Bustan, wiki nzima na nyengine tena.

Nikamwambia, "Fundi, mimi nimekuja kuendesha."

Akasema, "Kwanza jifunze kuchukuliwa. Hujui bado shingo ya mgeni inauma wapi."

Nikaona mzee ananichezea. Baadae nikafahamu. Ukikaa nyuma ndipo unapojua kwamba tuta la kabla ya mzunguko linampiga mtu kiunoni, kwamba alasiri anayerudi Bawshar kutoka Bustan jua linamkaa machoni njia nzima, na kwamba dereva anayegongagonga usukani kwa vidole anamtia abiria wazimu. Nyie mnaogombania usukani siku ya kwanza, hebu kaeni nyuma. La pili alilonifundisha ni hili: "Mdomo wa dereva ukae ndani ya gari." Maana yake, ukimfikisha mgeni kazini kwake, pale si pako. Simama kivulini, nyamaza, ngoja. Wa kungoja miye nikawa bingwa.

Bi Aneke nilimpokea uwanja wa ndege mwaka ambao Fundi Khalfan ndiyo kwanza ananiamini na gari yake. Niliambiwa anakuja nyota wa sinema. Nikapiga pasi kanzu, nikajitia udi, nikasimama pale kama mlingoti. Nilikuwa nnamtazamia mwanamke mrefu, miwani myeusi, masanduku yake yanasukumwa na watu. Akatoka bibi mfupi, mfuko wa turubai begani, nywele zimelala upande mmoja. Akanipita. Akarudi.

"Unayemngoja ni mimi," akasema, "nasikitika."

Nikamfungulia mlango wa nyuma, akaenda mbele akakaa mwenyewe. Kiingereza changu siku hizo kilikuwa cha breki na klachi, lakini nikajitahidi: "Madam, nyuma ndiyo pazuri."

"Nyuma nitalala," akasema. "Na mimi sikuja kulala. Nimekuja kufa."

Mguu wangu ulikwenda kwenye breki peke yake. Nikasoma innalillahi kimoyomoyo. Nikamtazama, hana hata dalili.

"Jumatano," akaongeza, anafunga mkanda. "Jangwani. Wananiua mapema kabisa, watazamaji hawajamaliza hata kukaa vizuri."

Alipouona uso wangu akacheka mpaka akashika dashibodi. "Katika sinema, Bwana Nassor! Katika sinema!"

Tulipofika hoteli ya Bustan nilikuwa nishacheka na mimi. Fundi aliponiuliza mgeni yukoje, nikamwambia, "Huyu si nyota, fundi. Huyu kama shangazi yangu." Akasema, "Basi umepata bahati. Nyota wako juu mbinguni, shangazi ndiye anayekujua."

Watu wa nje hawajui kwamba kazi ya sinema ni kungoja. Wanangoja jua lishuke, wingu lipite, kamera itiwe kitu, kitu chenyewe kimesahauliwa hotelini. Bi Aneke alikuwa akingojea ndani ya gari yangu, na hapo ndipo nilipomjua. Amezaliwa mji mdogo wa Uholanzi, pahala ambapo bahari iko juu na watu wako chini, nikamwambia hilo silikubali mpaka nilione. Babake alikuwa mlinzi wa daraja. Kule nchi imejaa mifereji, na chombo kikija daraja linainuliwa juu, gari zote zinasimama. Kazi yake yeye, mtoto mdogo, ilikuwa kushika fimbo ya kuvulia samaki, mwishoni imefungwa kiatu cha mti, anakishusha mpaka chomboni, nahodha anatia humo ada ya kupita.

"Kiatu?" nikamuuliza.

"Kiatu."

"Cha mguuni?"

"Cha mguuni."

Nikamwambia sisi huku hata kata ya maji tunaisuza kabla hatujampa mtu. Akaniambia ndiyo maana wao wana mifereji.

Wakati daraja liko juu alikuwa akipanda ukutani kuwatazama watu waliosimama. Aliniambia neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo: "Mtu akitembea anauvaa uso wake. Akingoja anauvua." Anasema pale ndipo alipojifunzia uigizaji, wala hakwenda shule ya mambo hayo. Alipokuwa msichana akaenda mji mkubwa akashona nguo za waigizaji katika ukumbi wa maonyesho. Siku moja aliyeigiza mtumishi wa nyumba sauti ikamkauka, na nguo ile haikumwenea mtu mwengine ila aliyeishona. Wakamsukuma Aneke jukwaani. Hakurudi tena kwenye cherehani. Sinema iliyompa jina aliigiza mwanamke bubu. Toka mwanzo mpaka mwisho hasemi neno, na watu walitoka ukumbini wanalia. Kutoka hapo picha zake zikabandikwa kuta za Ulaya yote, akaolewa na mpiga picha, akaachana na mpiga picha, akafika miaka arubaini.

"Halafu simu yangu ikaugua," aliniambia. "Kwa mwigizaji mwanamke, mtu akifika arubaini simu yake inashikwa na maradhi. Haiumwi kitu, hailii tu."

Ndiyo akakubali kuja kufa jangwani kwetu.

Jumatano ile alikufa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Analala, wanapiga picha, mwongozaji haridhiki, anakufa tena. Mchanga ulikuwa unachoma kama kikaango. Nikatoa mbao zangu mbili, zile tunazotia chini ya tairi gari ikizama, nikazifukia chini yake kidogo tu, zisionekane. Nikamshikia mwavuli kila kamera inapozimwa. Akaniambia, "Nimekufa Paris, nimekufa Roma, lakini kitanda kizuri cha kufia nimekipata hapa." Kwa hiyo nyie mnaoona mbao ni mzigo, mjue. Mbao zangu zimo ndani ya sinema. Hazionekani, lakini zimo.

Miaka ikapita. Fundi Khalfan alifariki, gereji ikawa yangu, gari moja ikawa mbili, ikawa uwanja mzima. Naye Bi Aneke, kule kwao simu yake ikapona. Alikuwa ameigiza mama anayemngojea mwanawe kituo cha treni, sinema nzima anangoja, akapewa tunzo kubwa, na kila mtu akajitia kwamba hakuwahi kumsahau. Aliporudi Maskati, masanduku yalikuwa mengi na watu wa kuyasukuma wapo. Wakamfungulia mlango wa nyuma wa gari. Akaenda mbele akakaa.

"Bado unaendesha kama mtu aliyebeba mayai," akaniambia.

Nikamwambia, "Mayai yamepanda bei."

Safari hiyo ndiyo ya mkasa wa udi, ambao nyie mnausimulia vibaya kila siku, basi huu hapa wenyewe. Picha ilikuwa inapigwa katika nyumba kongwe, kijiji cha mlimani. Walitaka wazee wa kijiji wakae barazani, Bi Aneke aingie kama mgeni, azungumze nao. Wazee wakaja wamevaa vizuri, majambia viunoni, wakakaa. Bwana wa vyombo, yule anayepanga vitu vinavyoonekana katika picha, akaona baraza imepooza. Akataka moshi, jua la dirishani lipate kitu cha kupita. Akawasha udi katika chetezo, akampa mtu auzungushe.

Wazee wakatazamana. Mmoja akajifukiza ndevu. Wa pili akajifukiza. Chetezo kilipomfika wa mwisho, wote wakasimama, wakampa mkono mwongozaji mmoja mmoja, wakavaa viatu wakenda zao.

Mwongozaji akapiga kelele, "Wanakwenda wapi? Nani kawaambia waondoke?"

Mzee mmoja alikuwa bado mlangoni anatafuta kiatu cha pili. Nikamfasiria. Akashangaa. "Nyie wenyewe! Si mmeleta udi?"

Na mwenzake aliyekuwa akimngoja akasema, "Mimi nilijiuliza, hata kahawa hatujanywa. Nikasema labda Wazungu wana haraka zao."

Baada ya udi hakuna kukaa. Kwetu mtoto mdogo anajua: mgeni anakaribishwa tende na haluwa, anamiminiwa kahawa, ananawa, halafu unakuja udi, na udi ukishakuja ziara imekwisha. Nikatia gari moto nikawafuata njiani. Mmoja nilimkuta kishafika kwake, kavua kilemba. Huku nyuma Bi Aneke alicheka mpaka rangi ya uso ikamtiririka, ikabidi apakwe upya. Nilipomweleza akasema hata kwao kipo kitu kama hicho. "Kwetu mgeni anapewa biskuti moja. Kopo likifungwa, ajue njia." Nikamwambia basi sisi afadhali, tunamfukuza mtu ananukia.

Sasa wacheni niseme kidogo habari za vifaa, maana hamkunisumbua kwa hadithi tu. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi kabla hujazama, usingoje kuzama. Pampu ya upepo iwe yako, usiazime. Thermosi mbili, moja ya kahawa, moja ya maji ya moto matupu, kwa sababu daima kuna mtu amekuja na majani yake ya chai. Njia za milimani mkalishe mgeni mbele na mpe ndimu anuse. Niliwahi kumchukua shujaa mmoja wa sinema za mapigano, kifua kama kabati, alitapika kona ya kwanza akalia kona ya pili. Na weka sindano na uzi. Hilo amenifundisha Bi Aneke. Nguo za nyota zimeshonwa kwa ajili ya kusimama, wakikaa garini zinapasuka. Alinifundisha kushona kifungo tumekaa chini ya mti wa mghafu kungojea wingu, na leo vifungo vyangu vyote nashona mwenyewe. Mke wangu Salma anasema hicho ndicho kitu pekee cha maana nilichopata katika sinema.

Mara ya tatu ni majuzi tu. Nilikuwa nishaanza kufikiria kupumzika, mgongo unaniuma, lakini niliposikia jina lake nikasema huyu hamchukui mtu ila mimi. Alitoka uwanja wa ndege ameshikwa mkono. Alikuwa amezeeka. Akakaa mbele, akanitazama, akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia usiyemjua. Kisha nikaanza kuendesha, na tulipopita tuta la kwanza akasema, "Nassor! Mayai!"

Njiani akaniuliza fundi wangu hajambo. Nikamwambia amefariki zamani. Akasikitika. Kabla hatujafika Bustan akaniuliza tena fundi wangu hajambo. Nikamwambia hajambo, anakusalimu.

Sinema yenyewe ilikuwa ya mwanamke wa Kiholanzi aliyekuwa mkunga huku katika ujana wake, anarudi bibi kizee kuiaga familia iliyompokea. Jambo kubwa lilikuwa onyesho moja: amekaa na wanawake wa nyumba, anazungumza, anaaga. Maneno marefu, hapana mwengine wa kusema ila yeye. Na maneno hayakukaa. Akisema la kwanza linakuja la tatu, akitafuta la pili yote yanakimbia. Wakamtilia kidude sikioni cha kumsomea, kikawa kinampigia miruzi, akakitoa. Wakamwandikia ubao mkubwa nyuma ya kamera, lakini macho yake yakawa yanasoma ubao, hayawatazami watu. Mwongozaji alikuwa mtu mzuri, kijana, anampenda. Lakini siku zilikuwa zinakwisha. Ikaamuliwa: atajaribu mara moja tena, na ikishindikana onyesho lile litakatwa, maneno yake atapewa mwigizaji wa kike aliyeigiza ujana wake, ayasome kwa sauti tu juu ya picha.

Aliniambia mwenyewe, tumesimama mbele ya bahari ya Bustan, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi.

"Nassor, hii ndiyo ya mwisho. Najua. Baada ya hii hawataniita, na wakiniita siendi. Nilianza kwa sababu mwenzangu alipoteza sauti nikapewa nafasi yake. Sitaki nimalize mtu mwengine ananisemea mimi. Mlango wangu nataka kuufunga mwenyewe."

Nikamwambia, "Ijumaa unakuja kula kwetu."

Basi Ijumaa akaja Bawshar. Salma amepika kama anaolewa mtu. Baada ya chakula tukahamia sebuleni, Salma akaleta haluwa, akaleta dele la kahawa. Bi Aneke akala kidogo, akanywa, finjani ya pili, ya tatu, kisha akaitikisa ile finjani baina ya vidole, tiki tiki, kama alizaliwa hukuhuku Omani, Samail, maana ya kuwa imetosha. Halafu akaanza kusimulia mkasa wa udi wa wale wazee. Aliusimulia wote. Nani alisimama mwanzo, nani alikuwa na ndevu, kiatu kilichopotea kilikuwa cha kushoto. Hakukosa hata kimoja. Mtu aliyeniuliza habari za marehemu mara mbili katika njia moja!

Salma alikuwa anamtazama. Kiingereza hajui sana, lakini mtu anamjua.

"Huyu hakusahau," akaniambia kwa Kiswahili. "Huyu akishika kitu mkononi, kinamleta na mwenzake. Umeona? Haluwa imeleta kahawa, kahawa imeleta udi. Wewe umemwacha anahangaika na makaratasi."

"Mimi dereva," nikasema.

"Hilo nalijua. Muulize maneno yake ni yepi."

Nasema kweli, wazo lilikuwa la Salma, ingawa sebule ni yangu na thermosi ni zangu. Tukayagawa maneno ya Bi Aneke juu ya sinia. Haluwa: *Niliingia nyumba hii sina mtu.* Kahawa: *Mama yenu alinimiminia, hakuniuliza nimetoka wapi.* Kutikisa finjani: *Sikujua kuitikisa, nikanywa mpaka nikaugua, na yeye akawa anacheka na anamimina.* Na udi: *Nimekaa vya kutosha. Sasa nipeni udi niende.* Baina ya hayo mlikuwa na mengine, lakini hizo ndizo nguzo. Bi Aneke akayasema kwa Kiingereza, Salma akamrudishia kwa Kiswahili, wakaenda hivyo mpaka alasiri, na kila kitu kikishikwa neno lake linakuja mbio. Salma akisahau yeye, Bi Aneke anamkumbusha. Kutoka siku hiyo kila asubuhi nikawa na sinia dogo garini, na tukisimama Bustan tunasomeshana. Watu wa hoteli waliona dereva na nyota wanakula haluwa saa moja ya asubuhi. Waliona mengi zaidi ya hayo, hoteli ile.

Siku ikafika. Mwongozaji alikuwa anataka wanawake wa Kiomani wa kukaa katika picha, na Salma akajiandikisha, akachagua mwenyewe kazi: kubeba sinia. Nikamwuliza kama anajua kuna kamera. Akaniambia yeye anakwenda kumkaribisha mgeni, kamera zitajijua.

Mimi nilisimama kivulini nyuma ya mataa, mdomo wangu umo garini kama alivyousia Fundi Khalfan. Wakaashiria kuanza. Na hapo bwana wa vyombo, si yule wa zamani, lakini nadhani wote wamezaliwa na mama mmoja, akamtia Salma mkononi chetezo kinafuka. Anataka moshi. Anataka aanze nacho.

Udi ukienda mwanzo, Bi Aneke atasema la mwisho mwanzo, na yote yatamwagika, na hapana mara nyengine. Mdomo ukanifunguka. Lakini kabla sijatoa sauti nilimwona Salma amekipokea chetezo kwa adabu, akageuka, akakiweka sakafuni nyuma ya mlango, akachukua sinia la haluwa akaingia. Yule bwana akamwashiria. Salma akamtazama mara moja tu, jicho lile nnalolijua mimi, bwana akatulia. Mke wangu hajawahi kunisikiliza mimi katika ndoa yote hii, seuze mtu wa moshi.

Bi Aneke akamega haluwa. "Niliingia nyumba hii sina mtu." Akapokea finjani. Yakaja ya kahawa, yote, na yaliyofungamana nayo. Akaitikisa finjani, akasema ya kuugua, na wanawake wakacheka kweli, si kwa kuambiwa. Uso wake, nyie, uso wake ulikuwa umevuliwa.

Ikabaki udi. Salma akenda nyuma ya mlango akakiinua chetezo, akarudi. Akafika katikati ya chumba, akasimama.

Hakwenda mbele. Tukangoja. Niliona mwongozaji anashika kichwa. Mimi nikadhani Salma amesahau, kumbe sivyo. Alikuwa na chetezo mikononi na machozi yanamtoka, na hawezi kukipeleka. Aliniambia baadae, "Nassor, nimpelekeeje? Kumpelekea ni kumwambia ondoka. Mtu mzima yule, nimemlisha kwangu, nimwambie ondoka?"

Bi Aneke alimtazama. Alingoja kidogo, kama mtu aliyekaa ukutani daraja liko juu. Kisha akanyosha mikono miwili, na neno lake halikutoka kwa Kiingereza cha kitabuni. Lilitoka kwa Kiswahili, kama alivyolisikia sebuleni kwetu Bawshar:

"Nipe, mwanangu. Nimekaa vya kutosha."

Akakipokea. Akajifukiza mtandio, upande huu na upande huu, hana haraka. Akasimama. Na wanawake wote wa chumba kile wakasimama pamoja naye, kwa sababu udi umekuja na mgeni anaondoka, hawakumngoja mtu kuwaambia. Mwongozaji hakukatisha. Kamera ikamfuata mpaka mlangoni. Akavaa viatu vyake mwenyewe, akatoka uani penye jua, akanikuta mimi.

"Nimefunga?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Umefunga, Bi Aneke. Na ufunguo umeondoka nao."

Sinema imetoka na Kiswahili chake vilevile, hawakugusa. Yeye sasa yuko kwao, nyumba inayotazama mfereji. Salma humpigia simu. Siku nyengine anajua anazungumza na nani, siku nyengine hajui, na siku asizojua Salma anamtikisia finjani karibu na simu, tiki tiki, na bibi anacheka.

Namshukuru Mungu aliyenipa kazi ya kukaa kando ya watu kama hawa. Namshukuru fundi aliyenitia kiti cha nyuma. Na nyie nakushukuruni pia, ingawa nna neno juu ya siku mliyoniaga. Mlitandika busati hapo Ghala baina ya jeki na matairi, mkaleta tende, mkaleta haluwa, kahawa ikamiminwa mpaka mkono wangu ukachoka kutikisa finjani. Na udi hamleti. Naona chetezo kiko juu ya boneti pale, kaa limeshawaka, kila mmoja anamtazama mwenziwe, hapana anayethubutu. Nikajua mmeiona sinema.

Basi nikanyosha mikono. "Nipeni, wanangu. Nimekaa vya kutosha."

Ila mmoja wenu, namjua na yeye anajijua, alitia kipande cha udi kikubwa kama kizibo cha tangi. Gereji ikajaa moshi, kengele ya moto ikalia, majirani wa Ghala nzima wakatoka nje kutazama, na mimi nikapita katikati yao nanukia mpaka kwenye gari, nikakaa nyuma. Hata Bi Aneke hakuondoka kwa kengele.

Ni mimi peke yangu.